Land Rover 109 pikapu: jinsi ya kuondoa ufundi wa kuungaunga ulioachwa na mwenye gari wa zamani

Maswali ni yale yale kila wiki. "Nimenunua 109 pikapu, bodi safi, ila stata inawashwa kwa kitufe kilichofungwa chini ya kiti." "Nikikanyaga breki taa za nyuma zinafifia badala ya kuwaka zaidi." "Fundi anasema breki ya gurudumu moja imezibwa, niendelee kuendesha?" Hili la mwisho nalijibu hapa hapa: usiendeshe. Mengine yote yamo humu.

Nazungumzia Series III ya 109 (namba hiyo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), iliyotengenezwa 1971 hadi 1985, yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Utaitambua kwa grili ya plastiki na geji zilizo mbele ya dereva. Kwenye Series IIA geji ziko katikati ya dashibodi. Mengi ya humu yanafaa IIA pia, isipokuwa jambo moja la betri nitakalolitaja.

Kabla hujaanza kumlaani aliyekuuzia, elewa hili. Huenda alikuwa kilomita mia mbili kutoka duka la spea, na mzigo wa nyanya nyuma unaoza. Kile kitufe, ile gololi iliyotiwa kuziba bomba la breki na yale majani ya springi ya lori vyote viliwekwa kujibu tatizo fulani siku fulani. Ubaya wake ni kwamba tatizo lenyewe halikuondoka, lilifunikwa tu. Kwa hiyo kila utakapokutana na kiraka jiuliza: hiki kiliwekwa kwa sababu gani? Ukikitoa bila kupata jibu, gari litakusimamisha njiani na wewe utaweka kiraka chako juu ya alama ya kile cha kwanza.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Spana za inchi: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8 na 3/4. Gari hili si la milimita. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini inacheza, na ndivyo nati zinavyoliwa pembe.
- Jeki nzito, stendi nne za chuma, na magogo ya kuzuia magurudumu.
- Multimita ya kawaida na taa ya kupimia yenye klipu.
- Plaizi ya kubania tamino. Ile hasa ya kazi hiyo. Plaizi ya kawaida haibani sawasawa.
- Nyaya za gari za unene tofauti, tamino, mipira ya kusinyaa kwa moto, rilei za nguzo nne (swichi zinazoamshwa na umeme), fyuzi na vishikio vyake.
- Mafuta ya breki DOT 3 au DOT 4, kopo jipya lililofungwa.
- Brashi ya waya, msasa, mafuta ya kulegeza nati, fila geji, nyundo ndogo.
- Kizima moto. Tangi la petroli liko chini ya kiti cha dereva na utakuwa unagusa nyaya karibu nalo.
- Daftari na simu ya kupigia picha.

Spea za 109 bado zinapatikana. Dar es Salaam anzia Gerezani na Kariakoo, Nairobi anzia Kirinyaga Road. Nenda na kile cha zamani mkononi, maana neno "ya Land Rover" peke yake litakurudisha nyumbani na kitu cha Defender.

ONYO KUHUSU HENDIBREKI

Hendibreki ya 109 haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi. Maana yake ni kwamba ukinyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliacha lile la hewani lizunguke na gari linaweza kuondoka juu ya jeki hata kama hendibreki umeivuta mpaka mwisho. Weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini kila mara. Na usiivute hendibreki hii gari likiwa mwendoni, labda kama breki za miguu zimekufa kabisa.

HATUA YA 1: Tembea na daftari, usiguse kitu

Siku ya kwanza acha spana kwenye boksi. Zunguka gari kuanzia bampa ya mbele, ingia chini, fungua boneti, inua viti. Piga picha kila kitu kinachoonekana hakikuzaliwa na gari: waya wa rangi ngeni, bolti inayong'aa kati ya zilizochakaa, mpira uliofungwa kwa waya wa bati, silikoni iliyomwagika pembeni mwa gaskiti.

Kwenye daftari chora safu tatu: kilichofanywa, sababu ninayoihisi, na cha kupima ili kuthibitisha. Safu ya pili ndiyo ya maana. Mfano: "Dumu la petroli nyuma ya kabini. Huenda tangi linavuja au pampu imekufa. Pima pampu, kagua tangi."

Angalia pia kama namba ya injini kwenye bloku inafanana na ya kwenye kadi ya gari. Kama mtu alibadilisha injini bila kubadilisha karatasi, ni heri uijue habari hiyo leo kuliko siku ya kuuza.

HATUA YA 2: Betri

Tazama tamino ipi ya betri imeunganishwa na chesisi. Series III ni hasi. Land Rover za kabla ya 1967 zenye dainamo zilikuwa chanya kwenye chesisi, na nyingi zimegeuzwa baadaye, nusu nusu. Ukikuta IIA, usifunge altaneta wala redio kabla hujahakikisha.

Sasa fungua waya wa hasi na uuweke mbali. Kama tamino zimefungwa kwa msumari au kipande cha bati, badilisha leo. Kuanzia hapa betri inaunganishwa tu unapopima kitu kinachohitaji umeme.

HATUA YA 3: Breki

Usianze na kingine chochote. Watu wanataka kuanza na taa kwa sababu zinaonekana. Breki kwanza.

109 ina silinda ndogo sita kwenye magurudumu: mbili kila gurudumu la mbele, moja kila la nyuma. Moja ikivuja na spea haipo, fundi wa njiani anaziba bomba linaloipelekea mafuta. Tafuta alama tatu: bomba la shaba au chuma lililopondwa na kukunjwa, bolti iliyofungwa mahali pa bomba, au nati ya bomba inayoonekana salama lakini ndani yake kuna gololi. Hiyo ya tatu ndiyo ya hatari kwa sababu kwa nje huioni. Ili kuipata, legeza kinatoa-upepo (kiskrubu kidogo cha kutolea hewa) cha kila gurudumu kimoja kimoja huku mtu anakanyaga. Gurudumu lisilotoa kitu limezibwa, au mpira wake umefunga kwa ndani.

1. Chukua mafuta kidogo kwenye masta silinda (ile inayosukumwa na pedali ya breki), dondosha kwenye glasi ya maji, koroga. Mafuta halali ya breki yanachanganyika na maji. Yakielea juu, kuna mtu alijaza hidroliki au mafuta ya injini, na kila mpira kwenye mfumo umeshavimba au unaelekea kuvimba. Hapo hakuna njia ya mkato: mipira yote ibadilishwe, ya masta, ya silinda zote sita na mipira mirefu mitatu (miwili mbele, mmoja unaoshuka kwenye ekseli ya nyuma), na mabomba ya chuma yasafishwe kwa spiriti.

2. Vua dramu zote nne. Silinda iliyozibwa utaikuta imekauka au ina kutu. Badilisha yenyewe na mwenzake wa upande wa pili. Ukibadilisha upande mmoja tu, gari litavuta.

3. Shuu zilizolowa mafuta hazifufuki kwa kuchomwa wala kuoshwa na petroli. Tupa. Kama kilichozilowesha ni mafuta mazito ya difu, sili ya habu imeisha, ibadilishe kabla ya kufunga shuu mpya.

4. Badilisha bomba lililopondwa lote, kuanzia kiungo hadi kiungo. Nati za mabomba ya gari hili ni za inchi. Ya 3/8 na ya milimita 10 zinafanana sana kwa macho. Ianzishe kila nati kwa vidole. Ikigoma baada ya mzunguko mmoja, si yenyewe. Usiitie spana.

5. Kaza adjasta (bolti ya kurekebisha shuu) mpaka shuu iguse dramu, kisha rudisha kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru. Fanya kwa magurudumu yote kabla ya kutoa upepo.

6. Toa upepo ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Usiache masta ikauke katikati ya kazi.

Mafuta yaliyotoka usiyarudishe kwenye masta, hata yakionekana safi.

HATUA YA 4: Springi, usukani na chesisi

Springi zilizoongezewa majani ya lori utazikuta kwenye karibu kila 109 iliyobeba mkaa au mahindi. Gari linasimama juu, linapendeza kwenye picha, na likiwa tupu linaruka kama mbuzi. Kero ya kuruka ni ndogo. Cha kukagua ni mpira wa breki unaoshuka kwenye ekseli: springi ikiinuka, mpira ule unabaki mfupi. Nyanyua chesisi mpaka ekseli ining'inie, kisha uutazame. Ukiwa umenyooka kama kamba iliyovutwa, siku moja kwenye shimo utakatika. Rudisha idadi ya majani ya awali au tafuta mpira mrefu wa kiwanda, usiunge miwili.

Kagua yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli). Zikiwa zimechomelewa badala ya kukazwa kwa nati, zikate na uweke mpya. Shekli (vyuma vinavyoshikilia ncha ya springi) zilizochomelewa kwenye chesisi ili "zisipige kelele" zilikuwa zinaficha bushi zilizoisha. Kata, badilisha bushi, na kelele itakwisha.

Kwenye usukani, kitu chochote kilichochomelewa hakitengenezwi upya. Tairodi, mkono wa usukani, boljointi: kikiwa na alama ya moto kinaondoka. Sina mjadala hapa.

Chesisi igonge kwa nyundo ndogo, ukianzia chini ya betri na kwenda nyuma, hasa pale springi zinaposhikia. Chuma kizima kinatoa sauti kali. Kilicholiwa kinatoa sauti butu, na mahali pengine nyundo inaingia ndani. Bati lililochomelewa juu ya kutu halina kazi, kwa kuwa kutu inaendelea kula chini yake. Litolewe, chuma kibovu kikatwe mpaka kifikie kizima, ndipo kiraka kichomelewe. Mpelekee mchomeleaji anayeijua kazi, na kabla hajawasha mashine ondoa tangi, fungua betri na uchomoe plagi ya altaneta.

HATUA YA 5: Petroli

Dumu lililofungwa nyuma ya kabini na mpira unaoshuka mpaka kwenye kabureta lina hadithi mbili tu: ama tangi, ama pampu.

Vua bomba linaloingia kwenye kabureta, lielekeze ndani ya chupa, chomoa waya wa kati wa koili (inayotengeneza umeme wa cheche) ili injini isiwake, kisha piga stata. Pampu nzima inatoa petroli kwa mapigo yenye nguvu. Ikitoa machozi, ichomoe kwenye tangi na uipe mpira mfupi ulioingia kwenye kopo la petroli safi. Ikivuta vizuri hapo, pampu ni nzima na bomba la kutoka tangini limeziba au linavuta hewa. Isipovuta, nunua diafragmu.

Mipira myeupe inayoangaza ya dukani inakuwa migumu kama mfupa karibu na injini. Weka mpira wa petroli wenye maandishi ya kuonyesha ni wa petroli, na klipu za kukaza kwa bisibisi kila ncha. Chujio moja kabla ya pampu inatosha. Nimeona gari lenye chujio tatu mfululizo na mwenyewe analalamika kuwa halina nguvu mlimani.

Tangi linalovuja usilichomelee mwenyewe, na usimruhusu mtu anayesema "tutajaza maji kidogo". Mvuke wa petroli unaobaki ndani ndio unaolipuka. Nunua tangi jingine.

HATUA YA 6: Nyaya

Hapa ndipo watu hukata tamaa, wanang'oa kila kitu na kuanza upya. Mara nyingi haina haja. Nyaya za kiwandani zina rangi zenye mpangilio, na ukizijua unaweza kutenganisha za kuzaliwa na za kuongezwa kwa saa chache:

- Kahawia: umeme wa betri moja kwa moja, hauna fyuzi. Waogope.
- Nyeupe: unapata umeme ukiwasha ufunguo, unakwenda kwenye koili.
- Nyeupe yenye mstari mwekundu: kutoka swichi ya ufunguo hadi solenoidi ya stata (swichi nene inayopeleka umeme kwenye stata).
- Nyeupe yenye mstari mweusi: koili hadi pointi (swichi ndogo ndani ya distributa).
- Kijani: umeme wa ufunguo uliopita kwenye fyuzi. Yenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, mweupe ya kulia, zambarau ni taa ya breki.
- Zambarau: umeme wa kudumu uliopita kwenye fyuzi. Yenye mstari mweusi ni honi.
- Nyekundu: taa ndogo na za nyuma.
- Bluu: taa kubwa. Mstari mweupe ni mwanga mrefu, mwekundu ni mfupi.
- Kahawia yenye mstari wa njano: taa ya onyo ya chaji.
- Nyeusi: ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chesisi.

Rangi zikiwa zimefifia, chana tepu ya zamani sentimita chache. Ndani ambako jua halikufika utaona rangi halisi. Kwa waya wowote usio na rangi hizi, jiulize kwa nini upo.

Anza na ethi. Nusu ya matatizo ya umeme ya 109 yako hapo. Bodi ni alumini, chesisi na ukuta wa mbele wa kabini ni chuma, na metali hizo mbili zikikutana kwenye unyevu zinakula pale zinapogusana. Taa za nyuma zinarudisha umeme kupitia bodi hiyo hiyo, ndiyo sababu ukikanyaga breki taa zinafifia au indiketa inawaka pamoja nazo. Safisha kwa brashi mpaka chuma king'ae: betri hadi chesisi, chesisi hadi injini. Kisha pitisha waya mweusi mmoja mnene kutoka nyuma hadi chesisi na uunganishe taa zote za nyuma nao. Kiraka hiki ni halali. Hata kiwanda kingefanya hivyo.

Pima: weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini, mtu apige stata. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, ethi ya injini bado.

Halafu fyuzi. Ukikuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imezungushwa kwenye fyuzi, usicheke tu. Tafuta kilichokuwa kinaiunguza. Toa mizigo yote ya mstari huo, weka taa ya kupimia mahali pa fyuzi, rudisha mzigo mmoja mmoja. Taa ikiwaka kali ghafla, umempata. Jambo jingine linalowapiga chenga wengi: fyuzi za kioo za Lucas zilizoandikwa 35 zinakatika kwenye ampea 35, lakini uwezo wake wa kudumu ni 17. Fyuzi nyingine zinazouzwa zimeandikwa uwezo wa kudumu. Ukiweka 35 ya namna hiyo, waya utaungua na fyuzi itabaki nzima.

Kitufe cha stata. Unganisha betri, gia iwe huru, weka multimita kwenye nguzo ndogo ya solenoidi, mtu azungushe ufunguo. Ukipata volti 12 na stata imenyamaza, solenoidi au stata ndiyo mbovu. Usipopata kitu, rudi nyuma kwenye ule waya mweupe wenye mstari mwekundu hadi swichi ya ufunguo. Mara nyingi swichi imechakaa. Badilisha swichi, kisha ondoa kitufe pamoja na waya wake wote. Waya wa kahawia usio na fyuzi unaopita chini ya kiti, kando ya tangi, sitaki kuuona.

Taa kubwa. Balbu mbili za wati 60 zinavuta ampea 10, na hizo zote zinapita kwenye swichi ya miaka ya sabini. Mtu akaweka za wati 100, swichi ikaungua, akaweka swichi ya ukutani ya nyumbani. Nimeikuta hiyo zaidi ya mara moja. Dawa ni rilei mbili, moja ya mwanga mrefu, moja ya mfupi. Nguzo 30 inapata umeme wa betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, 87 inakwenda kwenye taa, 85 kwenye ethi, na 86 inapokea ule waya wa bluu wa zamani. Swichi sasa inabeba umeme wa kuamsha rilei tu.

Viungo vyote vya kusokota na tepu vikatwe. Bana kwa tamino, funika kwa mpira wa kusinyaa. Ukipitisha waya kwenye tundu la bati, tia mpira kwenye tundu kwanza.

HATUA YA 7: Maji

Fungua nyumba ya themostati. Karibu hakika utakuta haipo. "Tulitoa, nchi yetu ina joto." Joto la nje halihusiki. Bila themostati, sehemu ya maji inazunguka kwenye mpira mfupi na kurudi injini bila kupita rejeta, na asubuhi injini inachelewa kupata moto huku petroli ikiosha mafuta kwenye silinda. Zinazouzwa ni za nyuzi 74 au 82, yoyote inafaa. Itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka kabla ya kuifunga, uone inafunguka.

Lakini rudi kwenye swali letu: kwa nini aliitoa? Gari lilikuwa linachemka. Kagua rejeta kwa kuigusa ikiwa ya moto, betri ikiwa imefunguliwa: sehemu zilizo baridi zimeziba. Kagua feni, mkanda na kofia ya rejeta. Ukirudisha themostati bila kugusa hayo, gari litachemka tena na utaambiwa na kila mtu kijiweni kuwa kosa ni la themostati.

HATUA YA 8: Moto na kabureta

Acha hii mwisho, kwa sababu kabureta hulaumiwa kwa makosa ya umeme.

Pointi: milimita 0.35 hadi 0.40. Plagi: 0.75 hadi 0.80. Tapeti zote: 0.25. Mpangilio wa moto: 1-3-4-2. Badilisha kondensa pamoja na pointi.

Pima koili kati ya nguzo zake mbili ndogo, nyaya zikiwa zimetolewa. Karibu omu 3 ni koili ya volti 12, sawa. Karibu omu 1.5 ni ya gari lenye kizuizi cha nje, na hapa itaunguza pointi kila baada ya muda mfupi. Hilo ndilo jibu la wanaouliza kwa nini pointi hazidumu.

Kabureta ya Zenith ikimwaga petroli nyingi, fungua kifuniko na utazame kipete kidogo cha mpira kilicho ndani, na kama kifuniko kimepinda. Ukikuta silikoni, ioshe yote. Haivumilii petroli, inameguka na kuingia kwenye jeti. Kifuniko kilichopinda kidogo unakisawazisha kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, pole pole.

HATUA YA 9: Jaribio

Zunguka uwanjani kwanza. Kanyaga breki kwa nguvu kwenye changarawe mwendo wa kilomita 20 na utazame alama: magurudumu yote manne yashike. Kisha nenda barabarani umbali mfupi, rudi, gusa dramu moja moja kwa tahadhari. Iliyo ya moto kuliko wenzake imebanwa. Kaza upya kila nati uliyoifungua.

IKIGOMA BADO

Pedali inashuka, ukipampu mara mbili inapanda: adjasta ziko mbali. Ikiwa laini kama sifongo hata ukipampu, kuna upepo.

Breki zinajibana gari likipata moto: mipira imevimba, au fimbo ya pedali haina nafasi ndogo kabla ya kugusa pistoni ya masta.

Geji ya mafuta na ya joto zote mbili zinasoma juu kupita kiasi: nyuma ya geji kuna kidhibiti kinachoshusha umeme hadi volti 10, na kinahitaji ethi kupitia kasha lake. Kaza skrubu yake kabla hujanunua geji.

Unazima ufunguo, injini inaendelea kunguruma kidogo kisha inakufa: kuna kitu kimeunganishwa kwenye waya mweupe wa koili, mara nyingi feni ya umeme, na inapozunguka inarudisha umeme. Kihamishie kwenye rilei yake.

Injini inazima ikiwa moto, ukisubiri robo saa inawaka: wahi kuchomoa plagi na utazame cheche papo hapo. Hakuna cheche, badilisha kondensa, kisha koili. Cheche ipo, petroli inachemka kwenye bomba. Lisogeze mbali na ekzosi.

Betri inakufa usiku: funga kila kitu, weka multimita ya ampea kati ya nguzo ya hasi na waya wake. Gari hili halina kompyuta, kwa hiyo inatakiwa isome karibu na sifuri. Chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Isiposhuka, ni waya wa kahawia au altaneta yenyewe.

Chaji iko chini ya volti 13.8 injini ikiwa na mwendo: mkanda kwanza, kisha waya wa kahawia na njano, altaneta mwisho.

VYA KUACHA

Si kila kilichoongezwa ni kibaya. Altaneta ya Kijapani iliyofungwa kwenye bano imara, moto wa elektroniki ndani ya distributa, servo ya breki (kiongeza nguvu ya pedali) ya Series III ya baadaye iliyohamishiwa kwenye ya mwanzo, kabureta ya Weber yenye gaskiti zake: viache kama vinafanya kazi na bolti zake ni za saizi ya tundu. Kagua tu kama kuna mtu aliyelazimisha bolti ya milimita 8 kwenye tundu la 5/16. Zinatofautiana kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, zinaingia kwa nguvu mara moja, na baada ya hapo nyuzi zote zimekwisha.

Kila ulichobadilisha kichore kwenye daftari, rangi ya waya na ulikopita, na daftari likae ndani ya gari kwenye mfuko wa nailoni.